Je, Wajua? Kolwezi kwenye skrini, na maswali yanayofuata taa zikiwashwa

Je, wajua kuwa baiskeli iliyopakiwa magunia ya makaa na kusukumwa kuelekea Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ilifika mpaka tamasha la filamu la Cannes? Filamu inaitwa Makala, kazi ya Mfaransa Emmanuel Gras, na mwaka 2017 ilitwaa Tuzo Kuu ya Wiki ya Wahakiki. Haina mtaalamu wa kuketishwa mbele ya kamera atueleze umaskini ni nini. Kijana anaangusha mti kwa shoka, anafukia magogo kwa udongo yaungue polepole, anafunga magunia kwenye baiskeli mpaka baiskeli yenyewe haionekani, kisha anaisukuma kilomita zipatazo 50 hadi mjini. Malori yanampita karibu na bega. Kwenye kizuizi cha barabarani hapiti hivihivi, lazima aache sehemu ya mzigo wake. Anachokitafuta ni mabati ya kuezekea nyumba na miti ya matunda ya kupanda uani. Lugha unayoisikia ni Kiswahili cha Katanga. Sijui filamu nyingine inayoonyesha vizuri hivyo haki ya mtu kupita njiani bila kunyang'anywa jasho lake, na haina mwanasheria hata mmoja ndani yake.

Je, wajua kwa nini mji uliozungukwa na mabwawa ya umeme unapikia makaa? Mabwawa ya Nzilo na Nseke yalijengwa katika mto Lualaba, karibu na Kolwezi, miaka ya 1950, na kazi yake kubwa ilikuwa kulisha mitambo ya shaba. Baadaye ikaja laini ya umeme kutoka Inga, magharibi kabisa mwa nchi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700. Ilikamilika mwaka 1982 na kituo chake cha mwisho kiko Kolwezi. Ilivutwa kwa ajili ya migodi, na njiani ilipita juu ya vijiji vingi visivyo na taa. Anayetaka kuonyesha filamu katika kitongoji cha wachimbaji, basi, afike na jenereta yake.

Wajua kuwa filamu ya vita yenye jina la Kolwezi haikupigwa Kolwezi? La légion saute sur Kolwezi, ya mwaka 1980, iliongozwa na Raoul Coutard, mpigapicha maarufu wa filamu za Godard, na ilipigwa Guyana ya Ufaransa, upande wa pili wa Atlantiki. Inasimulia Mei 1978: tarehe 13 waasi wa FNLC waliingia mjini wakitokea upande wa Angola, na tarehe 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa wakarushwa kutoka angani. Wazungu zaidi ya mia moja waliuawa, na Waafrika kwa mamia. Lakini hadithi imejengwa juu ya mateka wa Kizungu na askari waliokuja kuwaokoa. Mama aliyejificha na wanawe katika nyumba za wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya taifa ya madini, hana nafasi ya kusimulia alichokiona. Filamu ya aina hii ikionyeshwa leo mjini humohumo, mbele ya wazee waliokuwepo, mjadala wake utafundisha kuliko filamu yenyewe.

Je, wajua tamasha la Geneva? Tamasha la Kimataifa la Filamu na Jukwaa la Haki za Binadamu, FIFDH, lilianzishwa mwaka 2003. Hufanyika mwezi Machi, wakati Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa likiwa kwenye kikao katika mji huohuo, na kanuni yake ni filamu moja, mada moja, mjadala mmoja. Mtu hatoki ukumbini na machozi yake tu. Taa zikiwashwa, wanakaa mbele mwanasheria, mwandishi wa habari na mtu aliyepatwa na jambo lenyewe, na ukumbi unauliza. Mimi nahesabu mjadala kuwa nusu ya kazi. Filamu ya haki za binadamu isiyofuatwa na maswali ni huruma tu, na huruma haijawahi kumrudishia mtu kiwanja chake.

Lakini wajua kuwa watu wa Katanga walikuwa na utaratibu wao wa kuweka picha mbele na mazungumzo baada yake, kabla ya projekta za matamasha? Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alichora historia nzima ya nchi yake. Picha 101 kati ya hizo zilikusanywa na mwanaanthropolojia Johannes Fabian na kuchapishwa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba hakuziacha zijisemee. Alikaa na Fabian, akaeleza picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili, akijibu, akibisha, akirudi nyuma. Alichora Lumumba amefungwa. Alichora pia mauaji ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma mjini Élisabethville, Lubumbashi ya leo, Desemba 1941. Hapa ndipo ninapovutwa zaidi. Watu wale walikusanyika katika uwanja wa mpira wakidai nyongeza ya mishahara, wakapigwa risasi na askari, na kiongozi wao Léonard Mpoyi akawa miongoni mwa waliokufa. Ni mauaji makubwa katika historia ya kazi Afrika ya Kati, na zaidi ya miaka thelathini baadaye mchoraji mmoja ndiye aliyeyawekea turubai kwa ajili ya sebule za watu wa kawaida. Picha kama zake zilinunuliwa na makarani na mafundi, zikatundikwa ukutani, na mgeni akiingia alianza kuuliza.

Na maigizo? Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi liliigiza kwa Kiswahili redioni, na baadaye kwenye televisheni, mambo ambayo watu waliyanong'ona: bosi, rushwa, mshahara, nani anakula na nani anatazama. Waliunda mchezo kwa kuzungumza wao kwa wao mpaka hadithi ikasimama, bila maandishi mkononi.

Je, wajua barabara ya Kolwezi hadi Lubumbashi ina filamu yake? Empire of Dust, ya Mbelgiji Bram Van Paesschen, ya mwaka 2011, inamfuata mkuu wa ugavi wa kampuni ya ujenzi ya Kichina aliyepiga kambi karibu na Kolwezi, pamoja na mkalimani wake Mkongo anayezungumza Kichina kwa ufasaha. Wanatafuta kokoto. Siku zinakwenda, kokoto hazipatikani. Kipande kimoja cha filamu hii kimezunguka sana mitandaoni, Mchina akimlaumu mkalimani kwamba Wakongo waliachiwa reli na barabara wakaziacha zife. Wengi wamekishangilia bila kuona filamu nzima, na bila kujiuliza shaba iliyopita kwenye reli ile ilikwenda kumtajirisha nani. Kipande kama hicho kinahitaji ukumbi, na watu wa Kolwezi wakiwa viti vya mbele.

Miaka mitatu kabla, Van Paesschen huyohuyo alikuwa ametoa filamu kuhusu wachimbaji wadogo wa huko. Aliipa jina la Kiswahili cha Katanga: Pale Peko Bantu Mambo Ayikosake.

Wajua kuwa Thierry Michel, aliyetengeneza Katanga Business mwaka 2009, ni mzaliwa wa Charleroi, mji wa makaa ya mawe ya Ubelgiji? Nadhani inaonekana. Anajua mgodi unavyougeuza mji, na unavyouacha. Filamu yake inapanga kwenye meza moja Gécamines iliyochoka, wawekezaji kutoka Ulaya na China, gavana wa wakati huo Moïse Katumbi, na wachimbaji wanaofukuzwa kwenye maeneo waliyoyachimba kwa mikono.

Je, wajua kuwa kamera za Kolwezi hazimilikiwi na wageni peke yao? Mji una kituo chake, Radio Télévision Manika, chenye jina la Manika, moja ya komuni za mji. Mwaka 2016 Mbelgiji Idriss Gabel alitoa Kolwezi on Air, akiwafuata waandishi wa kituo hicho katika shughuli zao za kila siku. Unawaona watu wanaotangaza ajali ya mgodini asubuhi na kesho yake wanakutana sokoni na familia iliyofiwa. Mgeni anayepiga picha hupanda ndege akaenda zake. Mwandishi wa Manika hana pa kwenda, na ndiyo sababu namwamini zaidi anapouliza swali, hata kama kamera yake ni duni.

Wajua Machini? Ni filamu fupi ya katuni, dakika kama kumi, iliyotolewa mwaka 2019 na Frank Mukunday na Tétshim, vijana wa Lubumbashi waliojifunza kazi wenyewe. Walitumia mawe madogo na michoro, wakiyasogeza kidogokidogo na kupiga picha moja baada ya nyingine. Kisa ni mji unaoishi kwa mashine na kupumua sumu yake. Kuwafanya watu wa mji wa madini kuwa mawe ni wazo ambalo mgeni asingelipata.

Kwenye mazingira hayohayo ya sanaa kuna Picha, chama kilichoanzishwa Lubumbashi na Sammy Baloji na Patrick Mudekereza, ambacho tangu mwaka 2008 kinaandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huo. Na kutoka Goma, mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo wa kituo cha sanaa cha Yole!Africa alishuka mpaka kwenye kobalti ya Kolwezi akatengeneza Mikuba. Mkongo kamtazama Mkongo, naye aliyepiga picha ana deni la kurudi.

Je, wajua ni filamu ngapi za haki za binadamu zilizogonga mlango wa Congo zikafungiwa? Nitataja mbili. Tarehe 2 Juni 2010, Floribert Chebeya, mkuu wa shirika la Voix des Sans Voix, alikutwa amekufa ndani ya gari lake Kinshasa, siku moja baada ya kuitwa makao makuu ya polisi. Dereva wake, Fidèle Bazana, hakurudi nyumbani. Thierry Michel aliingiza kamera kwenye kesi ya maofisa wa polisi na kutoa L'Affaire Chebeya mwaka 2012. Julai ya mwaka huo alipotua Kinshasa kwa ajili ya filamu hiyo, alizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa alikotoka. Kesi haikuisha pale. Ofisa mwingine wa polisi alikamatwa Lubumbashi mwaka 2020, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikatoa hukumu mpya. Filamu ilikuwa imetunza maneno ya mashahidi kwa miaka kumi.

Ya pili ni L'homme qui répare les femmes, kuhusu Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu. Septemba 2015 serikali iliipiga marufuku ikisema inalichafua jeshi. Miongoni mwa malalamiko yake ni kwamba ushuhuda uliotolewa kwa lugha za mashariki ulitafsiriwa vibaya kwa Kifaransa. Mwezi uliofuata marufuku ikaondolewa. Miaka mitatu baadaye Mukwege alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Nadia Murad. Mimi lile lalamiko la tafsiri halikunichekesha. Kama jibu la serikali ni kwamba maneno ya mama hayakutafsiriwa sawasawa, dawa ni kumwonyesha mama huyo filamu kwa lugha yake, hadharani, aseme mwenyewe kama ndivyo alivyosema.

Wajua kuwa Katiba ya Congo ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na kwamba kifungu cha 23 kinampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake kwa maneno, kwa maandishi na kwa picha? Basi mjadala wa Kolwezi unaoendeshwa kwa Kifaransa tupu, mbele ya watu wanaochimba na kuuza kwa Kiswahili, umewanyima sauti kabla haujaanza.

Je, wajua ile namba ya watoto 40,000 inahusu nini hasa? Utaikuta katika filamu nyingi za kobalti. Ni makadirio ya UNICEF ya mwaka 2014, na yalihusu watoto wanaofanya kazi katika migodi yote ya kusini mwa Congo, si kobalti peke yake. Kuisema sawasawa hakupunguzi ubaya wake hata chembe. Kuisema vibaya kunampa mkuu wa kampuni mlango wa kutokea pale mjadala unapomkaba.

Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch, shirika la Wakongo, walitoa ripoti kuhusu kobalti. Walikuwa wamezungumza na watu 87 waliokuwa wakichimba au waliowahi kuchimba, 17 kati yao watoto. Kwa siku, watoto walisema, wanapata faranga elfu moja hadi mbili. Septemba 2023 Amnesty na shirika la Kolwezi lenyewe, IBGDH, wakatoa nyingine kuhusu watu kuhamishwa kwa nguvu ili migodi mikubwa ipanuke, safari hii wakiwa wamewahoji zaidi ya 130. Humo mna Cité Gécamines, mtaa wa mjini ambao mgodi umeufikia mpaka kwenye kuta za nyumba, na kijiji cha Mukumbi kilichochomwa Novemba 2016.

Na Kasulo, mtaa wa Kolwezi? Mwaka 2014 ilijulikana kwamba kobalti iko chini ya nyumba. Watu wakachimba sebuleni, chini ya kitanda, nyuma ya choo. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, ikawa eneo la kuchimba na kuuza kwa mnunuzi mmoja.

Tarehe 27 Juni 2019 kingo za mgodi wa KOV, nje kidogo ya mji, ziliporomoka. Wachimbaji zaidi ya 40 walifukiwa. Desemba ya mwaka huo familia za Kikongo ziliwashtaki Apple, Alphabet, Dell, Microsoft na Tesla mjini Washington kwa ajili ya watoto waliokufa au kulemaa migodini. Kesi ilitupwa mwaka 2021, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo Machi 2024. Mahakama imefunga mlango. Ukumbi wa filamu hauna hakimu, lakini hauhitaji kuthibitisha mnyororo wa ununuzi ili mama apewe kipaza sauti.

Wajua kuwa mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa Kolwezi ni Mkenya? Sista Catherine Mutindi wa shirika la Mchungaji Mwema alianza kazi huko mwaka 2012: shule ya watoto waliotoka migodini, ushonaji na kilimo kwa kina mama, vikao vya kufundishana haki. Mwaka 2019 alipewa Tuzo ya Opus. Filamu kuhusu kazi hiyo inaitwa Maisha. Naipenda kwa sababu inaonyesha kinachofuata baada ya mtoto kutoka shimoni, sehemu ambayo kamera nyingi huwa zimeshaondoka.

Je, wajua Kilwa? Ile ya Ziwa Mweru, si ya Lindi. Oktoba 2004 jeshi la Congo lilikwenda kuzima uasi mdogo katika mji huo, na watu zaidi ya 70 wakauawa. Magari ya kampuni ya Anvil Mining, iliyochimba Dikulushi jirani, yalitumika. Kampuni ilishikilia kuwa yalichukuliwa na jeshi. Juni 2005 kipindi cha Four Corners cha televisheni ya taifa ya Australia kilirusha habari hiyo, mkuu wa kampuni akiulizwa uso kwa uso, na polisi wa Australia wakaanza uchunguzi. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi Katanga iliwaachia washtakiwa kuhusu mauaji hayo. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliitaka Congo ilipe dola milioni 2.5. Hiyo ni miaka 13 ya kusukuma, na msukumo mmoja ulitoka kwenye skrini ya televisheni.

Wajua kuwa Zanzibar wanajua siri ya kupeleka filamu kijijini? Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanzishwa mwaka 1997, halikubaki Ngome Kongwe. Lilichukua skrini na spika likazipeleka vijijini Unguja na Pemba, watu wakikaa kwenye mikeka.

Na wajua ni nani wa kuulizwa Kolwezi? Sheria ya madini, ilivyorekebishwa mwaka 2018, inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 mamlaka za mahali mgodi ulipo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Kobalti ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati, mrabaha wake ulipanda mpaka asilimia 10. Kampuni zinapaswa pia kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii. Kwa hiyo meya anaweza kuulizwa kuhusu ile 15, gavana kuhusu 25, na kampuni kuhusu 0.3, kila mmoja kwa hesabu yake.

Ningepewa wiki moja ya kupanga maonyesho, ningeanzia Kasulo na Makala, nje, giza likishaingia, kisha wasukuma baiskeli na wauza makaa wazungumze kabla ya ofisa yeyote. Machini ningeionyesha shuleni. Kwa Cité Gécamines ningechagua Katanga Business, na ripoti ya 2023 isomwe kwa Kiswahili kabla ya filamu kuanza. Kolwezi on Air ingekuwa Manika, waandishi wa kituo wakiwepo, na kituo chenyewe kirushe mjadala moja kwa moja redioni ili aliye shimoni au jikoni asikie. Watoto waliopigwa picha wasitajwe majina wala wasiitwe mbele. Wakalimani wawe wa Kisanga, Kiruund na Kichokwe pia. Viti vitatu viwekwe kwa meya, mkoa na kampuni, vyenye majina ya ofisi, na vibaki mbele hata visipokaliwa. Maswali yaandikwe kwenye daftari moja, yasomwe kwa sauti mwisho wa kila usiku, na nakala yake ipelekwe kwenye ofisi hizo asubuhi, ipigwe mhuri wa kupokelewa.